Shughuli Isiyoacha Deni: Hotuba ya Mwenyekiti Katika Kutimiza Miaka Kumi ya Kikundi

Tunawashukuru ninyi mlioacha kazi zenu mkaja. Wengine mmetoka mbali, Nkwenda, Isingiro, Kaisho na hata Murongo mpakani, na vumbi la njiani bado mnalo mabegani. Wengine ni wa hapa hapa karibu, Kayanga, Nyakahanga, Bugene na Omurushaka. Wote karibuni sana. Sisi wengine tulizaliwa wakati yote hii ni Karagwe moja. Mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya yake, lakini ukweni hakujagawanywa, na shughuli zetu zinavuka kila wiki kwenda na kurudi.

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi wetu elimu yetu ni ya darasa la saba. Hotuba za kupamba hatuziwezi. Tumeona afadhali tueleze kazi yetu jinsi ilivyo, maana watu wengi hula pilau letu lakini hawajui linavyopikwa.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 25. Leo tuko 30. Tulianza na sanduku la bati lenye kufuli tatu, daftari, na bakuli mbili za kuhesabia. Funguo zinashikwa na akina mama watatu wa nyumba tofauti, na sanduku linalala kwa mama wa nne asiye na ufunguo. Kila wiki tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, tunakopeshana, na mwisho wa mwaka tunagawana. Wataalam walitufundisha kwamba mtindo huu ulianzia kwa akina mama wa nchi ya Niger mwaka 1991, na tulifurahi kusikia kwamba ni wanakijiji kama sisi.

Sasa mtu atauliza, kikundi cha kuweka na kukopa kiliingiaje kwenye harusi? Jibu liko kwenye daftari letu la mikopo. Mwaka wa kwanza tulipolipitia tuliona kwamba akina mama wengi walikopa kwa ajili ya shughuli kuliko kwa ajili ya mbolea au ada ya shule. Huyu amekopa kulipa mchango wa harusi, yule kununua sare ya sendofu, mwingine kumalizia deni la kreti za soda. Tena ni sisi sisi tuliokuwa tunaitwa kupika. Tunaamka saa nane usiku, tunamenya ndizi, tunakesha na moshi, halafu asubuhi tunaondoka na kisahani cha pilau na ahsante. Mpiga muziki kalipwa, mpambaji kalipwa, aliyekodisha viti kalipwa. Mpishi ni mama wa jirani, analipwa nini?

Basi mwaka 2016 tulikaa kikao tukakubaliana kwamba hii ni kazi kama kazi nyingine. Tukaweka bei, tukafungua daftari la pili, na tukaweka kanuni kwamba katika kila fungu la malipo sehemu moja ya kumi inaingia sandukuni kabla mtu hajagusa chochote. Kanuni hiyo inafuatwa hadi leo.

KAZI YENYEWE

Kupanga shughuli kunaanza na kalenda. Mzazi akija anatutajia tarehe anayoitaka, na sisi tunamuuliza mambo manne. La kwanza ni dini. Wakatoliki na Walutheri hawafungi harusi za shangwe wakati wa Kwaresima, na Waislamu nao wana mwezi wao wa Ramadhani. La pili ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, kwa hiyo anayetaka harusi wiki ijayo tunamrudisha akaonane kwanza na mchungaji, padri au sheikh wake. La tatu ni mvua. Kwetu hapa mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Desemba, haziulizi kama umekodi turubai au la, na gari la viti likikwama matopeni maharusi watakaa juu ya mawe. La nne ni kahawa, na hilo tutalieleza peke yake.

Baada ya kalenda tunaingia kwenye hesabu. Watu wengi wanapanga shughuli kwa kutazama ya jirani. Sisi tunapanga kwa vipimo. Kilo moja ya mchele tunahesabu watu 7. Kilo moja ya nyama, watu 6. Kreti ya soda ina chupa 24, kwa hiyo wageni 300 wakinywa mbili mbili ni chupa 600, yaani kreti 25 kamili. Wageni hao hao 300 wanataka nyama kilo 50, na mchele kilo 43 kama ni wali peke yake. Ndizi zikiwa nyingi mchele unapungua, na hapa kwetu mgeni asipoona ndizi anasema hajala. Lakini ndizi nazo siku hizi zinatafutwa mapema, maana mnyauko umeshambulia mashamba mengi ya Kagera, na mikungu mizuri haipatikani kwa kustukiza kama zamani. Tunaweka oda wiki tatu kabla, na tunakwenda wenyewe shambani kuiona.

Hayo ni ya tumboni. Yako ya heshima, na hayo ndiyo yanayovunja shughuli kuliko chumvi kuzidi. Nani anakaa meza kuu? Shangazi wa bibi harusi ameandaliwa kiti? Wajomba wametajwa kwenye ratiba? Wazee wamepata lubisi yao mahali pa kivuli, mbali na spika za muziki? Kahawa ya kutafuna imepita kwao kabla ya chakula? Wakwe kutoka ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda, nani anawapokea Murongo, na zawadi zao zikija kwa shilingi za Uganda nani anazibadilisha bila kuwapunja? Tumeona shughuli ya gharama kubwa ikaisha kwa manung'uniko kwa sababu mzee mmoja hakutambulishwa. Ndiyo maana tuna mama mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni majina tu. Hapiki, hagawi soda, anashika karatasi na kumnong'oneza mshereheshaji.

Ukarimu huu hatukuuanza sisi. Mwaka 1861 Omukama Rumanyika wa Karagwe alimpokea Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Grant. Speke akaendelea na safari, Grant akaugua mguu akabaki anauguzwa hapa hadi mwaka 1862. Wenzetu wa pwani wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yule alikaa miezi na hatujasikia kwamba alipewa jembe. Kwa hiyo tunapoambiwa wageni wameongezeka 20 bila taarifa, tunakumbuka tulikotoka.

BUTURA

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo.

Watu wa mbali hawaijui butura, sisi tunaijua. Mtu ana kahawa yake, bado ni maua au punje changa. Anabanwa na shida, anamwendea mwenye fedha, anamuuzia kahawa ile ingali mtini kwa bei ya kutupa. Mavuno yakija, mwenye shamba anaokota, anaanika, anabeba gunia na kumpelekea mwingine. Serikali na ushirika wameipiga vita butura miaka mingi, na bado ipo, kwa sababu inafanywa usiku na watu wawili wenye siri.

Tumekaa na familia nyingi katika kazi hii, na tunaweza kusema bila woga kwamba ugonjwa, ada ya shule na harusi ndiyo milango mikubwa ya butura. Ugonjwa haupangwi. Ada ina tarehe yake. Lakini harusi ni sisi wenyewe tunaipanga, na kama inampeleka mzazi kwenye butura basi imepangwa vibaya.

Alikuja kwetu baba mmoja, hatutamtaja, wa upande wa Kyerwa. Mwezi wa pili. Anaoza kijana wake mwezi wa nne, wageni 400, muziki kutoka Bukoba, keki ya ngazi tano. Tukamuuliza, fedha iko wapi? Akasema kadi zimegawiwa, ahadi ni nyingi, na kilichobaki "nitakitafuta." Hilo neno tunalijua. Tukamwambia mzee wetu, kaa hapa, tufungue daftari.

Tulimfundisha kanuni yetu ya kwanza: bajeti inafuata fedha iliyoko mkononi, haifuati ahadi. Chukua mfano, kamati ina ahadi za shilingi 3,000,000, na zilizokwisha kupokelewa ni 1,900,000. Sisi tunapanga kwa 1,900,000. Ahadi zikitimia tunaongeza nyama, zisipotimia hakuna anayekimbizwa na mwenye jenereta. Mzee alipoona hesabu yake kwa kalamu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Akina mama, mimi nilikuwa nakwenda kuuza maua." Alikuwa na maana ya maua ya kahawa.

Tuliitisha kamati ya familia. Haikuwa rahisi, vijana walinuna, mama mzazi alisema tunawaaibisha kwa wakwe. Lakini tulikwenda kwa wakwe wenyewe, wazee wawili na sisi wawili, tukaeleza. Wakwe wakasema nao pia walikuwa wanaogopa gharama ila waliona haya kutangulia kusema. Harusi ikasogezwa hadi mwezi wa nane, kiangazi, kahawa imeshavunwa, imeanikwa na kuuzwa kwenye chama cha msingi. Wageni wakawa 220. Muziki ulikuwa wa hapa hapa Omurushaka, na keki ya ngazi mbili. Watu walikula wakashiba, wakacheza. Kesho yake mzee alilipa kila mtu, na gunia zake hakudaiwa na yeyote.

Tangu hapo tuna kanuni ya pili: shughuli ambayo tunajua fedha yake inatoka kwenye butura hatuipokei. Tunasema na mwenyewe, tunamtafutia njia, tunapunguza, tunasogeza tarehe. Akikataa kabisa tunamtakia heri akatafute wengine. Zipo kazi tulizozikosa kwa ajili hiyo, na wapo waliotusema kwamba akina mama hawa wamekuwa mapolisi. Hatukasiriki. Mteja akifilisika leo, kesho hatakuwa na mtoto wa kuoza kwetu.

MIKUTANO NA SEMINA

Kwa upande wa mikutano, tunaandaa mikutano mikuu ya vyama vya msingi, semina za wakulima, na mafunzo ya vikundi. Kazi hii ina faida yake. Haingojei kiangazi, na idadi ya watu inajulikana. Chai saa nne, chakula saa saba, maji safi, viti vya kutosha, kivuli, choo kisafi chenye maji, na mahali pa mama anayenyonyesha. Hilo la mwisho tulilianzisha sisi. Tuliona akina mama wanaingia mkutanoni lakini wanashinda nje na watoto, na maazimio yanapita bila wao. Tukaweka mkeka na mlezi wa watoto. Katika mikutano tuliyoandaa hivyo, mikono ya akina mama imeonekana wakati wa kupiga kura.

Shida ya mikutano ni malipo. Ofisi moja, ambayo tutaisitiri, ilikula chakula chetu siku tatu na ikalipa baada ya miezi saba. Sisi mchele tulikopa dukani kwa wiki mbili. Mwenye duka hakujua habari za hati ya malipo iko kwa nani, alitaka fedha yake, na tuliilipa kutoka sandukuni. Kama sanduku lisingekuwepo, kikundi kingekufa mwaka ule. Ndugu viongozi mlio hapa, tunawaomba kwa heshima: chakula kinaliwa kwa saa moja, msikilipe kwa mwaka.

Tunajua kwamba sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalum, na akina mama ni mojawapo. Lakini siku hizi zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa kompyuta wa NeST. Wengi wetu kompyuta tuliiona tukiwa na wajukuu. Tumewatuma mabinti wawili wa wanachama wajifunze, na wao ndio watatuingiza huko. Kikundi kimeshasajiliwa kupitia Halmashauri kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwa hiyo karatasi tunazo.

WAKATI WA MAGONJWA NA MISIBA

Machi 2020 ugonjwa wa Korona uliingia nchini, na semina na mikusanyiko ikasimamishwa. Daftari la shughuli likabaki jeupe. Tulikuwa tumebakiza marejesho ya mkopo wa Halmashauri, ule usio na riba, tuliouchukua mwaka 2019 kununua turubai, viti na masufuria makubwa. Hatukuuza hata kiti kimoja. Tulilima maharage kwenye shamba la mwanachama, tukashona barakoa, mfuko wa jamii ukatoa sabuni na chumvi kwa kila nyumba, na mwaka 2021 tukamaliza mkopo.

Halafu Machi 2023 Marburg ilitangazwa upande wa Bukoba Vijijini, na Januari 2025 tena ikathibitishwa Biharamulo. Haikuwa mbali na sisi, ni mkoa wetu huu huu. Watu wa shughuli ndio tunaokusanya watu, basi ni sisi tunaopaswa kuwa wa kwanza kusikiliza wataalam wa afya. Tuliweka ndoo za kunawa mlangoni, tukaomba washereheshaji watangaze salamu za kupunga mkono, na kwenye misiba tuliwaeleza ndugu kwamba mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa usioeleweka hauguswi wala hauoshwi mpaka wahudumu wa afya waseme. Ni neno gumu kumwambia mtu aliyefiwa. Tulilisema kwa upole, na tulilisema.

Kuhusu misiba kwa jumla, kanuni yetu ya tatu ni kwamba msibani hatutozi faida. Masufuria, turubai na mikono yetu ni mchango wetu, mwenye msiba anagharamia kuni na vyakula tu, au chama chake cha kufa na kuzikana. Furaha tunaiuza, lakini kilio ni cha wote.

TULICHOPATA

Tukipima miaka kumi, tunaona haya. Akina mama wetu wana bati juu ya nyumba na watoto sekondari. Waliokuwa wanaomba waume zao fedha ya chumvi sasa wanawakopesha, na marejesho yanakuja kwa wakati, maana sanduku halijui ndoa. Kikundi kina turubai mbili, viti, sahani na vikombe vya kutosha watu 300. Tena mikopo ya shughuli katika daftari letu imepungua mwaka hadi mwaka, na mikopo ya mashamba, ng'ombe na ada imepanda. Hilo la mwisho ndilo linalotupa raha kuliko yote, kwa sababu ndilo tuliloanzia.

MAOMBI YETU

Kwanza, kwa wanachama. Daftari liandikwe siku ile ile. Mgeni ahesabiwe, sahani ihesabiwe, na kila risiti itunzwe. Mama mmoja asichukue kazi kwa jina la kikundi na kuifanya peke yake.

Pili, kwa wazazi na vijana. Njooni mapema, kabla ya kugawa kadi. Tukikaa pamoja miezi sita kabla, tutapata tarehe nzuri na bei nzuri. Mkija wiki mbili kabla, tutapata moshi tu.

Tatu, kwa viongozi wa dini na wa vijiji. Tusaidieni kusema hadharani kwamba harusi ndogo ni harusi. Likitoka mimbarini au kwenye mkutano wa kijiji, yule baba anayeona haya atapata pa kusimama.

Nne, kwa wafadhili. Tunaomba mabinti zetu wasaidiwe mafunzo ya upishi, hesabu na kompyuta. Sisi migongo imeanza kulalamika, na masufuria hayapungui uzito.

Ndugu Mgeni Rasmi, chakula cha leo kimepangwa kwa kanuni zile zile tulizoeleza. Wageni walioalikwa ni 260, sahani ni 280, na kila kitu mnachokiona kimelipwa tangu juzi. Baada ya hotuba hii ratiba inasema ni utambulisho wa wazee, kisha kahawa ya kutafuna, kisha chakula. Mama wa majina ameshasimama pale na karatasi yake.

Karibuni mezani.